Hela imebaki kidogo, matangazo au kurekebisha gemu?

Kaka nimekuelewa, gemu unayotengeneza bado inakwamakwama na hela iliyobaki unataka uimwage yote kwenye matangazo. Usifanye hivyo aisee. Cheki gemu ya Cyberpunk 2077, Desemba 2020, ilitangazwa kila kona ikauza kopi zaidi ya milioni 13 ndani ya siku chache, ila kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, ilikuwa inaganda vibaya mpaka Sony wakaitoa kwenye duka lao la mtandaoni na watu wakarudishiwa pesa. Wale waliotengeneza walikuwa na hela ya kuirekebisha, wewe huna. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mtu akicheza chini ya masaa 2 na siku 14 hazijapita tangu anunue anaruhusiwa kurudisha, kwa hiyo ile nusu saa ya mwanzo isafishe kwanza. Ila usikae kimya pia, gemu ya Among Us ilitoka 2018 ikalala mpaka mastrima, wale wanaocheza gemu laivu mtandaoni watu wakiangalia, walipoishika 2020. Weka demo ya bure, yaani kipande cha kujaribu, watumie mastrima wadogo, na pablisha, kampuni ya kukutolea na kukuuzia gemu, akija na mkataba mwonyeshe mwanasheria kabla hujasaini.