Faini ya awali huhesabiwaje mtambo wa kahawa ukichafua mto tena?

Swali: Mimi ni msimamizi wa mtambo wa kumenya kahawa wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika wa mazao, Moshi Vijijini. Misimu miwili iliyopita maji ya kuoshea kahawa yalifurika na kuingia mtoni. Tulikiri kwa maandishi na kulipa faini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka huu ukingo wa bwawa la majitaka umebomoka na maji yameingia mtoni tena. Je, kosa la kwanza litaongeza faini?

Jibu: Ndugu msimamizi, linaweza kuiongeza, ingawa hakuna kanuni ya kuizidisha faini mara mbili kama wengi wanavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 187, iliweka faini ya uchafuzi kati ya shilingi milioni 3 na milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili, na mahakama inaweza pia kumwamuru mkosaji agharamie usafishaji. Kifungu hicho hakimpangii mkosaji wa mara ya pili kiwango chake cha pekee, hivyo historia yenu itapimwa ndani ya nafasi hiyo pana, pamoja na ukubwa wa madhara na mwenendo wenu.

Marekani, kwa kulinganisha, ongezeko limeandikwa waziwazi: Sheria ya Maji Safi ya huko inamtoza aliyechafua kwa uzembe dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila siku ya kosa, na akitiwa hatiani tena ukomo unapanda hadi dola 50,000 kwa siku.

Kosa lililofifilishwa, yaani lililomalizwa kwa kukiri na kulipa nje ya mahakama, si hukumu, na mnayo haki ya kupinga likitajwa mbele ya hakimu kana kwamba mliwahi kutiwa hatiani. Msijifariji mno kwa hilo. Barua ya kukiri, ripoti ya ukaguzi na maagizo ya marekebisho hubaki kwenye jalada la NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, na ni jalada hilo litakaloangaliwa pale inapoamuliwa kama safari hii mlipe tena au mshtakiwe. Zaidi ya hapo, kibali cha kutiririsha majitaka kiko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi, na kwa maoni yangu hicho ndicho cha kuhofia kuliko faini, kwa sababu kikisitishwa katikati ya msimu wakulima watabaki na kahawa mbivu mikononi.

Linalobeba uzito kuliko yote ni chanzo cha matukio haya mawili. Ikiwa mara ya kwanza bwawa lilifurika kwa udogo wake, mkaagizwa kulipanua, na sasa limebomoka likiwa vilevile, hoja ya ajali haitasimama, kwa kuwa hatari mlikwisha kuijua. Lakini ikiwa mlilipanua na kuimarisha kingo, nazo zikashindwa na mvua kubwa isiyo ya kawaida, tukio la kwanza linaweza hata kuwatetea, kwa sababu linaonyesha kwamba mlipoonywa mlitenda. Kusanyeni basi risiti za saruji, mihtasari ya vikao vya kamati, picha zenye tarehe na majibu ya maabara.

Majibu hayo ya maabara yana maana kubwa. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayotiririshwa yasihitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu, ilhali maji mabichi ya kumenyea kahawa, kwa sukari na utelezi wake, hufikia maelfu. Uvujaji wa muda mfupi unatosha kuua samaki na kuwaharibia maji wanaoishi upande wa chini wa mto, na hao ndio wanaostahili kufikiriwa kwanza.

Simamisheni kumenya leo, waarifuni wanaochota maji chini ya mtambo, toeni taarifa ya maandishi kwa Bodi na kwa NEMC Kanda ya Kaskazini, Arusha, kabla mkaguzi hajafika, na chukueni sampuli juu na chini ya mtambo. Mkiletewa tena fomu ya kukiri, wakili aisome kabla ya sahihi, hasa mahali panapoelezwa chanzo cha uchafuzi.