Jirani ametundika kioo cha pembe nane, nami nitundike changu?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Naishi Guangzhou, huu mwaka wa nne, nakusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Dar na Mombasa. Mlango wangu unatazamana na wa bibi mmoja wa Kichina. Mwezi wa Shaaban alitundika juu ya mlango wake kioo kidogo cha pembe nane chenye mistari mistari pembeni, kinanitazama mimi. Tangu hapo kontena limekwama, mtoto homa haimwishi, na mume wangu aliye nyumbani simu zake zimekuwa za kuhesabu. Mwenzangu tunayesali naye Ijumaa ananiambia kioo kile kinanirushia mabaya, na dawa ni nitundike kikubwa zaidi kimrudishie. Anasema si uchawi, ni elimu ya nishati, sababu kama sababu nyingine. Nimeshakinunua, kiko kabatini. Nitundike?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, mwanangu. Usikitundike. Na nashukuru umeuliza kikiwa bado kabatini. Wengi hutundika kwanza.

Kwamba anayedhuru na kunufaisha ni Allah peke yake unalijua tangu chuoni, sitakurudisha huko. Kilichonikera ni hilo neno "nishati". Umeme ni nishati: una mita, na luku ikiisha taa zinazimika kwa muumini na kwa mpagani. Hiyo ya juu ya mlango ina mita gani?

Itikadi ya kioo hicho inaitwa feng shui, maana yake upepo na maji. Kitabu cha Maziko, kinachonasibishwa na Guo Pu (276–324), kinasema pumzi wanayoiita qi hutawanywa na upepo na husimama inapokuta maji. Tazama jina la kitabu: hesabu hizo zilikuwa za kumchagulia maiti kaburi ili watoto wake wapate heri. Mistari uliyoiona ni bagua, alama nane za kupigia ramli za Wachina wa kale, kila moja ina mistari mitatu, mizima au iliyokatika. Kioo cha katikati kikiwa bapa wanasema hurudisha pumzi mbaya, kikituna huitawanya, kikibonyea huimeza. Hapo pana elimu gani ya nishati? Hata Wachina wenyewe hawakukubaliana. Wang Chong, mwanachuoni wao wa karne ya 1, aliwakejeli waliodai mlango wa nyumba lazima uelekee upande unaoafikiana na sauti ya jina la ukoo. Akasema maofisa wanapanda vyeo na kushushwa, na milango yao imeelekea kila upande. Mtu huyo hakuwa Mwislamu, wala Uislamu wenyewe ulikuwa haujafika kwao.

Ama "sababu", kanuni ya wanavyuoni ni kuwa kitu huwa sababu kwa sheria kukithibitisha, kama ruqya (kisomo cha tiba na kinga) na asali, au kwa uzoefu ulio wazi, kama dawa ya homa. Anayekifanya sababu kile ambacho Allah hakukifanya sababu ameingia katika shirki ndogo. Akiitakidi kinatenda chenyewe, ni kubwa. Mtume (s.a.w.) kasema, kwa riwaya ya Uqba bin Amir katika Musnad Ahmad: mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Mwenzako atasema hirizi ni ya shingoni na hiki ni kioo. Masahaba wapya katika Uislamu, njiani kwenda vita vya Hunayn, waliomba mti tu wa kutundikia silaha zao, kama ule Dhatu Anwat ambao washirikina walitundikia zao kutafuta baraka. Mtume akawaambia wamesema kama walivyosema Bani Israil kwa Musa: tufanyie mungu. Basi shingo si hoja.

Najua pia atakuja na hadithi ya mkosi katika nyumba, mwanamke na farasi, nayo iko katika Bukhari na Muslim. Aisome pamoja na ile ya Abu Dawud: mtu alilalamika kuwa walihamia nyumba, idadi yao na mali yao vikapungua. Mtume akamwambia waiache. Al-Khattabi, mwanachuoni mfafanuzi wa hadithi, ameeleza kuwa aliwaamuru kuhama ili kukata ile dhana iliyokwisha kuwaingia nyoyoni. Hakuwaambia watundike kitu. Nyumba ikikubana moyo, hama. Ruhusa hiyo unayo.

Tena, nia ya kioo chako ni nini? Kumrudishia bibi wa watu. Hata tukijalia kinafanya kazi, utakuwa umemrushia jirani balaa kwa makusudi. Hong Kong watu wanasimulia hivyo hivyo juu ya mnara wa Bank of China, uliomalizika 1990: kingo zake kali ziliogopwa kama visu, na kreni za juu ya paa la benki ya HSBC zikaonekana kama mizinga iliyougeukia. Mabenki na yapigane kwa mizinga ya kufikirika. Wewe una hadithi ya kutodhuru na kutodhuriana.

Na tusiwacheke Wachina. Huku kwetu wangapi watausoma mjadala huu huku zindiko limefukiwa kizingitini, kwa sababu aliyelifukia alivaa kanzu?

Nilikuuliza kwa ujumbe lifti iko wapi, ukanijibu: ubavuni mwa mlango wangu. Wenye itikadi hii huogopa sana lifti na ngazi zinazotazamana na mlango. Inawezekana kabisa bibi yule anaikinga nyumba yake na lifti, wala hakukufikiria. Ama kikikutupia mwanga wa jua machoni, hiyo ndiyo kazi ya kweli ya kioo, na dawa yake ni pazia.

Mtoto mpeleke hospitali leo, usingoje. Kontena lina karatasi. Zikague moja moja na wakala, huenda imekosekana moja. Mumeo mwambie kwa maneno yaliyonyooka kwamba umeelemewa, usimpime kwa idadi ya simu. Mwanamke peke yake ugenini na mtoto mgonjwa, moyo hutafuta wa kumlaumu, nami sikulaumu kwa hilo. Asubuhi na jioni sema: A'udhu bikalimatillahi ttammati min sharri ma khalaq, yaani najikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia na shari ya alivyoviumba. Khawla bint Hakim amepokea katika Muslim kuwa mwenye kuyasema anaposhuka mahali hakuna kitakachomdhuru mpaka aondoke hapo. Suratul Baqara isomwe humo ndani.

Kioo ulichonunua usimuuzie mtu. Bandua fremu yenye alama uitupe, kioo kibaki cha kuchania nywele.

Na ukipika mchuzi zidisha maji, kama Abu Dharr alivyousiwa, umpelekee bibi bakuli. Utapita nalo chini ya kioo chake. Pita tu.

Wallahu aalam.