Bomba nene, pampu ndogo: maswali yenu kuhusu Ray Anderson

Safu iliyopita niligusia kwa mistari miwili habari za Ray Anderson, Mmarekani mwenye kiwanda cha mazulia aliyeamua kisiichafue tena dunia. Mistari miwili haikuwatosha. Nimechukua maswali matano.

Zulia na mazingira, wapi na wapi? (Msomaji, Dodoma)

Hata yeye aliona hivyo kwa miaka 21. Alianzisha kampuni ya Interface mwaka 1973 huko Georgia, kusini mwa Marekani, akiuza zulia la vipande vya mraba, lile linalotandikwa maofisini kama vigae. Uzi wake ni nailoni, na nailoni inatokana na mafuta ya petroli. Mwaka 1994 wateja wakaanza kuwabana wauzaji wake: nyinyi mnafanya nini kuhusu mazingira? Wafanyakazi wakaunda kikosi kazi, wakamwomba bosi aje awaeleze dira yake. Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni "tunafuata sheria", basi. Kabla ya kikao akapata kitabu kuhusu biashara na uharibifu wa mazingira, na baadaye alikuwa akisimulia kwamba kilimchoma kama mkuki kifuani. Alikuwa na miaka 60. Wengi wetu umri huo tunawaza kiinua mgongo.

Uliandika kwamba walipunguza umeme wa pampu kwa kubadili mabomba. Mimi ni fundi bomba, siliamini hilo. (Tanga)

Fundi, wewe ndiye wa kuliamini kuliko sisi sote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Interface ilikuwa inajenga kiwanda Shanghai. Mchoro wa kwanza wa mfumo mmoja wa kusukuma kimiminika ulitaka pampu zenye jumla ya nguvu farasi 95. Mhandisi wao, Jan Schilham, akauchora upya, zikatosha 7.

Kwanza alichagua bomba nene na pampu ndogo. Unajua kimiminika kinavyosuguana na kuta za bomba: kwa mtiririko uleule, ukiongeza kipenyo mara mbili, msuguano unashuka hadi karibu sehemu moja ya thelathini. Pili, na hili ndilo ninalolipenda, alipanga mabomba kwanza, ndipo akaweka mitambo. Mazoea ni kinyume chake. Mitambo inasimikwa popote, kisha fundi anaitwa aiunganishe, naye anapiga kona huku, anapanda juu kule, anazunguka nguzo. Kila kona inakula umeme siku zote za uhai wa kiwanda. (Nani hajaona nyumba ambayo fundi bomba aliitwa baada ya tailizi kubandikwa?) Bomba nene ni ghali kweli, lakini pampu na mota vilipungua ukubwa kiasi kwamba gharama ya ujenzi nayo ikashuka. Mhasibu anayekagua bei ya bomba peke yake hawezi kuliona hilo.

Alipata hasara kiasi gani? (Mjasiriamali, Nakuru)

Mwaka 2009 alisema hadharani kwamba kupunguza taka kulikuwa kumewaokolea dola milioni 400 hivi, na kwamba fedha hizo zililipia mageuzi yote. Ni hesabu ya mwenye duka mwenyewe, uipokee hivyo.

Kuna kilichomshinda? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kipo: kukodisha zulia. Mteja alipe kila mwezi, kipande kikichakaa kampuni ing'oe na kuweka kingine, kile cha zamani kirudi kiwandani kikawe zulia tena. Kwenye karatasi ni wazo tamu. Wateja wengi hawakulitaka, maana ofisini fungu la kununua zulia na fungu la kulitunza huwa mikononi mwa watu wawili, na hakuna aliyetaka kubeba mzigo wa mwenzake. Kwangu hiki ni kisa cha maana kuliko mafanikio yake mengi. Vocha ya malipo ya mteja haijui nia njema.

Nasikia nyavu chakavu hugeuzwa zulia. Huku Mafia tunazo tele, nianze kukusanya? (Mvuvi)

Umesikia kweli, ila ni Ufilipino. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya Anderson kufariki, Interface na Jumuiya ya Zuolojia ya London walianza kununua nyavu kuukuu kwenye vijiji vya wavuvi wa Danajon. Zilikuwa zinaoshwa, zinafungwa robota, zinapelekwa kwenye kiwanda cha Aquafil huko Slovenia kurudishwa kuwa nailoni safi ya kusokota uzi. Wewe tafuta mnunuzi kwanza, ndipo ukusanye, la sivyo utakuwa umehamisha jalala kutoka ufukweni hadi uani kwako. Tena usichanganye na kamba za plastiki. Kata kipande cha uzi, kilowanishe, kikamue hewa yote itoke, ukitie kwenye ndoo ya maji ya bomba. Kikielea, kitupe pembeni, hicho si nailoni.