Mdogo wangu wa Malindi, usiibadilishe mada yako

Juzi nilipata ujumbe wa msichana wa Malindi anayesomea uhandisi wa ujenzi. Anataka kupima jinsi kuta za mawe ya matumbawe zinavyostahimili mlipuko, na msimamizi wake amemwambia atafute mada "ya kawaida". Namjibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mdogo wangu, mimi pia niliambiwa hivyo. Nilisimama mbele ya jopo na michoro yangu, mjumbe mmoja akauliza, "Nani atakwenda kulipua magofu ya Lamu?" Wenzake wakacheka. Mimi ni mzawa wa Lamu. Nilikuwa huku Mpeketoni ilipovamiwa mwaka 2014, na vilipuzi vinavyotegwa kwenye njia za kwenda Kiunga vimeua askari na raia. Kile kicheko kinaniuma hata sasa, ingawa wiki iliyopita nimearifiwa kwamba utafiti wangu umekubaliwa katika kongamano la wahandisi. Nimefurahi sana, na sitajifanya sijafurahi.

Wanaouliza ukuta unahusikaje wakumbuke Nairobi, 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Jumba la Ufundi liliporomoka, na waliokufa mjini humo walizidi 200. Wengi walipoteza macho kwa vioo, kwa kuwa walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza. Mlipuko huwafikia walio mbali na moto kwa kupitia jengo lao wenyewe.

Wimbi la shinikizo humaliza kazi yake kwa milisekunde chache. Likigonga ukuta hurudishwa, na shinikizo kwenye uso wa ukuta huwa angalau mara 2 ya lile lililokuja. Kisha hufuata mvuto wa kurudi nyuma, ndiyo maana baadhi ya kuta huangukia upande ulikotoka mlipuko. Jiwe lenyewe mara nyingi halina neno. Ukuta hupinda, na mota, hasa ya chokaa, hustahimili kubanwa lakini haistahimili kuvutwa, basi hufunguka kwenye viungo. Umbali nao una thamani kubwa: ukiuzidisha mara 2, shinikizo lilelile litahitaji kilipuzi chenye uzito mara 8. Kwa skuli au kituo cha polisi, kusogeza ua mbali na jengo ni kinga ya kwanza kabla hujanunua mfuko mmoja wa saruji.

Sasa vipimo. Baruti sikuigusa wala sikuihitaji. Wenye maabara kubwa hutumia bomba refu linalotoa wimbi kwa hewa iliyobanwa. Mimi niliweka mfuko wa hewa kati ya ukuta na fremu ya chuma, nikaujaza polepole huku nikipima shinikizo na kupinda. Huo si mlipuko, lakini unakuonyesha ukuta unaweza kubeba kiasi gani kabla ya kuanguka. Uzito wa ukuta na muda wa wimbi unaviingiza baadaye kwenye hesabu.

Kuta zilijengwa na ami yangu, mwashi tangu ujana wake, kwa mawe ya Maweni kule Manda. Zote zilizuiwa chini na juu zisiteleze. Mmoja aliuachia upenyo chini ya bimu, kama mafundi wengi wanavyoacha. Mwingine aliushindilia mota ngumu hadi ukakaza. Wa kwanza ulifunguka katikati na kuanguka mapema. Wa pili ulipasuka pia, lakini vipande vyake vilibanana kati ya sakafu na bimu kama kabari, ukaendelea kubeba. Nadharia yake iliandikwa na wahandisi McDowell, McKee na Sevin mwaka 1956. Kwenye mawe yetu niliiona kwa macho yangu. Ami aliushika ule ukuta akasema, "Kumbe hii kazi ya dakika chache ndiyo tunayoiruka."

Bimu lazima iwe imara, vinginevyo huinuka na faida yote hupotea. Nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Lamu, zenye sakafu za boriti, hazina bimu ya namna hiyo. Msaada wao ni unene wa karibu nusu mita: ukuta mzito huchelewa kusogea, na wimbi huwa limekwisha pita.

Kwa hiyo shikilia mada yako. Ukinyimwa vifaa, punguza vifaa, usipunguze swali. Kaa na waashi, nenda timboni ukachague mawe mwenyewe, usingoje mtu wa mbali aje kukueleza nyumba ya bibi yako. Vijana wa Pwani tumezoea kuomba radhi kwa kuuliza mambo ya kwetu, tuache. Shikilia mada, narudia.

Msimamizi wako mpelekee mchoro wa fremu na mfuko wa hewa, umwonyeshe kwamba hakuna baruti popote. Akikubali, niandikie; vipimo vyangu vya mawe ya Manda nitakutumia vyote, uvilinganishe na ya Malindi.