Kompyuta mchanganyiko, seva moja

Mwalimu wa Muheza, umeuliza kama kompyuta 12 za msaada, kila moja aina yake, zitakubali kutumia seva moja, yaani kompyuta kuu inayozihudumia zote. Zitakubali, hata zile zilizokufa diski, mradi kadi ya mtandao ya kila moja iweze kuiwasha kupitia mtandao. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya kuwasha) ya kila mashine, uiweke iwake kwa PXE, yaani ivute mfumo kupitia waya wa mtandao. Kwa mpangilio huu programu zote zinaendeshwa ndani ya seva, kwa hiyo hela peleka kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya seva na swichi ya gigabiti, kifaa cha kasi kinachounganisha waya za mtandao, si kwenye mashine za wanafunzi. Kwa sura ya Linux anayoiona mwanafunzi kwenye skrini, weka Xfce badala ya GNOME, ni nyepesi zaidi. Na nakusihi, UPS ya seva, ile betri ya akiba umeme ukikatika, usiiahirishe! Huku Tanga mjini umeme ulikatika, darasa zima likapoteza insha zao, watoto wakalia.