Bunge likinyamaza, kanuni inaishi au inakufa?

Swali: Wakili, ninauza maziwa Nakuru. Kila nikikaa kidogo wizara inachapisha kanuni mpya yenye leseni na ada yake. Nasikia Marekani kanuni moja ikiingia, kumi zinatoka. Mbona Kenya tusiwaige?

Jibu: Hesabu hiyo ni ya kweli. Trump aliagiza mbili kwa moja Januari 2017, Biden akaifuta Januari 2021, na mwaka 2025 Trump akairudisha ikiwa kumi kwa moja. Yaani kilichokuja kwa saini kikaondoka kwa saini. Tena wizara yaweza kufuta kanuni kumi zilizochakaa ambazo hakuna anayezilipia hata shilingi, kisha ikakutungia moja itakayomeza faida yako yote. Afadhali Waingereza, ambao tangu 2011 walipima gharama kwa mfanyabiashara badala ya kuhesabu karatasi.

Mimi huuliza kwanza: wabunge wakinyamaza, inakuwaje? Sheria ya Marekani ya 1996 inaruhusu Kongresi, yaani bunge lao, kufuta kanuni, ila isipofanya lolote kanuni inaishi. Katika miaka 20 ya mwanzo ilifutwa moja tu, mwaka 2001. Muswada uitwao REINS ungegeuza mambo: kanuni kubwa isiyopigiwa kura ife. Umepita Baraza la Wawakilishi zaidi ya mara moja, ukakwama Seneti. Binafsi unanitia wasiwasi, maana bunge lenye shughuli nyingi lingeua hata kanuni za usalama wa dawa kwa uvivu tu.

Sisi Kenya tumechanganya njia zote mbili. Kwa sheria yetu ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri, kanuni isiyofikishwa bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu ichapishwe inakufa. Lakini ikishafika, kamati ikimaliza siku 28 bila kutoa ripoti, kanuni inahesabiwa kuwa imetimiza masharti. Ukimya uleule, matokeo mawili! Tena kanuni hufa yenyewe baada ya miaka 10, na muda ukiongezwa hauzidi miezi 12. Ni kipengele kizuri, ila kwako wewe miaka 10 ni mingi mno. Ng'ombe atakuwa amezeeka.

Kwa hiyo usianze kwa kubishania ada. Tafuta tarehe ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha umwandikie Karani wa Bunge ukiuliza kanuni iliwasilishwa lini. Ikiwa siku 7 za vikao zilipita kabla haijawasilishwa, nitafute. Kama iliwahi, iombe wizara taarifa ya athari, ambayo sheria hiyohiyo inaidai pale kanuni inapoelekea kuwabebesha watu gharama kubwa.