Usimpelekee fundi kwanza: sauti ikigoma kwenye kompyuta ya nyumbani

Juzi kijana mmoja wa Malindi, mtaa wa Shela (Shela ya kwao, si hii yetu ya Lamu), aliniandikia hivi: "Shangazi, shikamoo. Nimemrekodi nyanya akisoma tenzi zake. Nikisikiliza, sauti imekuwa ya kitoto na anakwenda mbio. Nimeifuta Audacity, ile programu ya kurekodia, nikaiweka upya, hali ni ile ile. Fundi ameniambia nimpelekee laptopu aipige fomati. Nimpelekee?"

Usimpelekee. Nilimjibu neno hilo moja kwanza, mengine nayaandika hapa, maana ameniuliza swali linalonitonesha kidonda.

Mimi hurekodi nyumbani, Mkomani. Laptopu yangu niliinunua kwa mtu aliyekwisha kuichoka, maiki ni ya USB, hedifoni ni za waya. Kwa vitu hivyo nimekusanya nyimbo za vugo, zile za harusini, kutoka kwa kina mama ambao wengine leo hata kusimama hawawezi, lakini ukiwapa pembe na kijiti mkononi wanarudi usichana. Mwezi jana redio moja ya Pwani ilizicheza, mtangazaji akawaambia wasikilizaji kwamba zimerekodiwa "studioni Lamu". Nilicheka peke yangu jikoni. Studio yenyewe ni godoro lililosimamishwa ukutani na leso zilizotundikwa mlangoni, na saa ya kurekodi tunaipanga baina ya adhana na adhana. Punda hapangiki. Akianza kulia chini ya dirisha, sote tunanyamaza mpaka amalize shida zake.

Kidonda chenyewe ni hiki. Kuna wakati Windows ilijisasisha usiku, asubuhi nikafungua Audacity, nikabonyeza kitufe chekundu, mstari ukatoka umenyooka. Naongea, mstari umenyooka. Nagonga maiki kwa kidole, umenyooka. Nikaipeleka laptopu kwa fundi mmoja, nikamwambia kabisa kwamba ndani mna sauti za wazee, asiguse mafaili. Akaniambia nisiwe na wasiwasi. Niliporudi kuichukua ilikuwa nyeupe, imefutwa yote, na maiki bado haisikii! Akanitoza pesa vilevile. Mmoja katika wale kina mama alikuwa amekwisha kufariki, na sauti yake ilikuwa mle mle.

Baadaye nikaja kujua kilichotokea. Tangu sasisho la mwaka 2018, Windows 10 ina kibali cha maikrofoni ambacho hata programu za kawaida za kompyuta lazima zikipate. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, unatafuta maikrofoni, unashuka mpaka chini kabisa penye ruhusa ya programu za kompyuta, unawasha. Ni kitufe kimoja. Kibali kikiwa kimezimwa, Audacity ama itakwambia imeshindwa kufungua kifaa cha sauti, ama itarekodi kimya bila kulalamika. Kwa kitufe hicho mimi nilipoteza nyimbo za marehemu.

Ndiyo maana siku hizi nina neno moja tu, na watoto wa mtaani wamechoka kulisikia: ifuate sauti njia yake. Inatoka kinywani, inaingia kwenye maiki, inapita waya, inapokewa na Windows, ndipo inafika kwenye programu, halafu faili, halafu sikio lako. Programu iko karibu na mwisho wa safari, na watu wote wanaanza kuilaumu yeye. Kuifuta na kuiweka upya mara nyingi hakusaidii, kwa sababu tatizo limekaa kabla yake.

Kwa hiyo kwanza angalia maiki iliyochaguliwa. Laptopu ina maiki yake ndogo juu ya kioo, na ukichomeka ya USB si lazima ihamie huko. Unaweza kumweka bibi wa watu mbele ya maiki nzuri kwa saa nzima, kumbe iliyokuwa ikisikiliza ni ile ya kwenye kioo, pamoja na feni ya kompyuta na pangaboi la darini. Tena chomeka maiki kabla ya kufungua Audacity. Ukiichomeka baadaye, programu haitaiona mpaka uiambie itafute vifaa upya au uifunge na kuifungua.

Haya, sasa sauti ya kitoto. Kompyuta huipima sauti mara nyingi kila sekunde na kuandika namba. Kuna wanaotumia vipimo 44,100 kwa sekunde, kuna wanaotumia 48,000. Sauti ikichukuliwa kwa 44,100 kisha faili likasomwa kana kwamba ni 48,000, inakwenda mbio kwa karibu asilimia 9 na inapanda juu. Utenzi wa dakika 10 utakwisha kwenye dakika 9 na sekunde 11 hivi. Mwanangu, nyanya yako hajaharibika. Bonyeza jina la ule mstari wake wa sauti ndani ya Audacity, menyu ikifunguka tafuta kiwango cha vipimo hivyo (Rate), kirudishe 44,100, usikilize. Akirudi kuwa nyanya, umepona. Halafu kwa siku za mbele ingia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows uhakikishe maiki, spika na mradi wa Audacity vyote vinatumia namba moja. Ipi? Yoyote, mradi iwe moja.

Na ukiwa huko huko, zima yale "maboresho" ya sauti ya Windows. Yametengenezwa kwa mikutano ya ofisini: yakisikia kitu kisichokuwa maneno yanakihesabu kuwa kelele. Nimewahi kurekodi matwari, zile ngoma za mkononi, ya maulidi, kila pigo likawa linaanza vizuri kisha linamezwa. Jamaa mmoja wa studio ya mjini nilimpelekea rekodi ile nikitaka ushauri, akanicheka mbele za watu, akasema hizi ni kelele za bafuni na wanawake wa Lamu waachie wenye vyombo. Sijamsahau. Nilizima kiboksi kimoja, nikarekodi tena, na hayo ndiyo matwari yaliyotangulia kwenda hewani kabla ya vugo.

Mvumo je? Ukisikia "mmmmm" nzito nyuma ya kila kitu, huo mara nyingi ni wa stima. Umeme wetu Kenya ni wa hezi 50, na nyumba nyingi waya wa ardhi ama haupo ama upo kwa jina. Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Mvumo ukikatika papo hapo umempata mwizi. Usipokatika, sogeza maiki mbali na transfoma yoyote, na uangalie tena maiki iliyochaguliwa (nilisema wamechoka kunisikia).

Nyumba za mawe za zamani zina mwangwi wake, kuta nene zimepigwa lipu laini na sauti haina pa kupumzikia. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinasaidia kidogo kwa sababu zinaivunja vunja, lakini godoro linashinda. Msogeze msomaji karibu na maiki, kiasi cha shubiri moja na nusu, kando kidogo ya kinywa ili pumzi isipige moja kwa moja.

Halafu kiwango cha sauti. Vilele vya mawimbi viishie kati ya desibeli −12 na −6. Vikigota juu kwenye sifuri vinakatwa vichwa, unaviona bapa kabisa kwenye kioo, na hakuna dawa ya kweli: kuna kifaa cha kubahatisha kilichopotea, ila ni kubahatisha. Wazee wanaanza kwa sauti ya chini, wakifika pa utamu wanapaza. Pima kwa pale pa utamu.

Kelele ndogo za nyuma zinaondoka. Waombe wote wanyamaze sekunde tano kabla ya kuanza, na hicho kimya ndicho unachoionyesha Audacity ijue kelele ni ipi, kisha unachagua rekodi yote na kuisafisha. Usiwe na tamaa. Ukisafisha sana, mtu anasikika kama yuko chini ya maji.

Sauti ikikatikakatika katikati, angalia unapohifadhi. Watu wanarekodi moja kwa moja kwenye fleshi, au kwenye folda inayojipakia intaneti yenyewe, nayo haiwahi. Rekodi kwenye diski ya ndani, uhamishe baadaye. Na pawe na nafasi: kwa mipangilio ya kawaida ya Audacity, sterio (njia mbili za sauti) ya saa moja inakula zaidi ya gigabaiti moja. Mtu mmoja anayesoma utenzi hahitaji sterio. Weka mono, njia moja tu, nusu imepona.

Sikutaka kuhubiri, lakini vijana wa Pwani, hebu! Mna simu za bei ya ng'ombe na hamna hata dakika moja ya sauti ya babu zenu. Audacity ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000. Mnangoja mradi wa wafadhili uje na watu wa kamera, na wakija mnalalamika kwamba wameondoka na sauti zetu. Rekodini wenyewe. Na mkirekodi, wekeni nakala mahali pawili kabla ya kumpa fundi yeyote chochote, hata akiwa binamu.

Kijana wa Malindi, ukishabadilisha kile kiwango nitumie kipande nisikie. Usinitumie faili la mradi lenye aup3, halifunguki kwenye simu. Hamisha dakika moja tu iwe WAV, haizidi megabaiti kumi na kitu. Ukitumia WhatsApp itume kama dokumenti, usinishikie simu karibu na spika ukanirekodia ujumbe wa sauti, maana huo unabanwa na sitaweza kukuhukumia kitu. Na unipe salamu kwa nyanya. Muulize kama anajua tenzi nyingine, na safari hii chomoa chaja.